Ukuta wa Nyuma

Nikifika katika mji wa zamani wa magharibi mwa Marekani, huwa naanzia uchochoroni. Barabara kuu ina mambo yake, nami nitaifikia, lakini uso wa jengo la zamani ulijengwa ili utazamwe, na mwenye jengo aliugharamia kadiri mfuko wake ulivyoruhusu, na pengine kupita hapo. Ukuta wa nyuma haukuwa na watazamaji isipokuwa wapagazi na farasi walioleta mizigo. Huko ndiko linakoonekana tofali lenyewe, lililofyatuliwa kwa udongo wa bondeni, likachomwa kwa kuni, likajengwa kwa chokaa na mchanga, kisha likaachwa bila pambo lolote.

Mimi ni mzaliwa wa mkoa wa Iringa. Nyumba tuliyokulia ilijengwa na baba yangu kwa matofali aliyoyafyatua yeye mwenyewe pamoja na kaka zangu, na kila kiangazi cha utoto wangu nakikumbuka kwa harufu ya tanuri linalowaka usiku. Leo ninaishi katika jimbo la Washington, nikiwa katika kikosi cha mafundi wanaokarabati kuta zilizojengwa miaka ya 1880 na 1890. Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa patasi na nyundo ndogo, nikapelekwa nyuma ya jengo moja la maduka, na kabla sijagonga pigo la kwanza niliona tofali lenye alama za vidole vinne vya mtu. Ni alama anayoiacha mfyatuaji anapolinyanyua tofali ambalo bado halijakauka vizuri. Nilijua mkono ule ulikuwa unafanya nini, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu miji hii na matofali yake.

Miji hiyo haikuanza kwa matofali. Dhahabu ilipoonekana Coloma, California, mwezi Januari 1848, waliomiminika huko walilala kwanza katika mahema, kisha katika vibanda vya mbao, kwa kuwa misonobari ilikuwa tele na kiwanda cha kupasua mbao kilijengeka haraka kuliko tanuri. Duka la mbao liliweza kusimama ndani ya siku chache, na mbele yake mwenye duka alisimamisha ukuta wa mbao wenye kimo kuliko paa, ili kibanda chenye paa la mgongo kionekane kama jengo la ghorofa. Kabla ya hapo, watu wa Pueblo, wenyeji wa asili wa kusini magharibi, walikuwa wamejenga kwa udongo uliorundikwa kwa mkono, na baada yao wakazi wa Kihispania na wa Kimeksiko kwa matofali mabichi yaliyokaushwa juani, na majengo hayo yako mpaka leo Santa Fe na Monterey. Huko Monterey ndiko Gallant Dickenson alikoanza mwaka 1847 kujenga nyumba inayokumbukwa kuwa ya kwanza ya matofali ya kuchoma katika mji ule. Hakuimaliza. Habari za dhahabu zilimfikia, akaacha ujenzi akaenda machimboni.

Kilichowarudisha watu kwenye udongo kilikuwa moto. San Francisco iliungua vibaya si chini ya mara sita kati ya Desemba 1849 na Juni 1851, na kila mara wakazi walijenga upya kwa mbao mpaka hasara ilipowachosha. Katika moto wa Mei 1851 baadhi ya wafanyabiashara waliokuwa na maghala ya matofali yenye milango ya chuma walijifungia ndani wakiamini kwamba humo wako salama. Chuma kilipopata joto kilitanuka, milango ikakaza katika fremu zake, na wapo waliokufa wakiwa ndani. Columbia, mji wa wachimba dhahabu katika milima ya California, uliteketea mwaka 1854 na tena mwaka 1857, na majengo ya matofali yenye vifuniko vya chuma unayoyaona huko sasa ni matunda ya mioto hiyo miwili. Denver iliungua tarehe 19 Aprili 1863, ikiwa haijafikisha hata miaka mitano, na baada ya hapo uongozi wa mji ukaagiza kwamba majengo mapya ya katikati ya mji yawe ya matofali au mawe. Mpaka leo mtu akitembea Denver anaona jinsi amri ile ilivyoupa mji mzima rangi moja.

Lakini kisa ninachokijua kwa karibu zaidi ni cha hapa Washington, ambako miji mitatu iliungua katika kiangazi kimoja. Tarehe 6 Juni 1889, mchana, chungu cha gundi kilifurika katika karakana ya seremala mjini Seattle, moto ukashika maranda ya mbao, na kabla ya asubuhi karibu eneo lote la biashara lilikuwa majivu. Mabomba ya maji, ambayo mengine yalikuwa magogo yaliyotobolewa, hayakuwa na nguvu ya kutosha kulisha mipira yote ya kuzimia moto iliyofunguliwa kwa wakati mmoja. Tarehe 4 Julai, siku ya sikukuu ya taifa, ikawa zamu ya Ellensburg, mji ulio katika bonde lenye upepo mkali, na upepo huo ndio uliourusha moto kutoka paa hadi paa. Tarehe 4 Agosti, Spokane ikapoteza vitalu 32 vya katikati ya mji. Novemba mwaka huohuo Washington ikatangazwa kuwa jimbo, huku miji yake mitatu ikiwa bado inachimba misingi.

Mtu anaweza kudhani kwamba maafa kama hayo yangewatawanya watu. Seattle ilikuwa na wakazi 3,533 katika sensa ya mwaka 1880, na katika sensa ya mwaka 1890, mwaka mmoja tu baada ya kuungua, ilikuwa na wakazi 42,837. Waashi, wachoma matofali, wachonga mawe na wachoraji wa majengo walimiminika huko kama wachimba dhahabu wa zamani. Mji ulipiga marufuku ujenzi wa mbao katika eneo lililoungua, barabara zikainuliwa, na kwa kuwa wenye majengo hawakusubiri barabara hizo zikamilike, milango yao ya chini, pamoja na njia za miguu zilizokuwa mbele yake, ilijikuta baadaye iko chini ya ardhi. Njia hizo za chini zingalipo katika eneo la Pioneer Square, na humo kuta zinaonekana zilivyokuwa siku zilipojengwa.

Kuta zenyewe zinaonyesha walichokiogopa wajenzi wake. Ukuta wa kawaida wa jengo la ghorofa mbili au tatu una tabaka tatu za matofali chini, kiasi cha sentimita 30 na ushei, na mara nyingi hupungua unapopanda juu. Ukuta unaotenganisha duka na duka haukomei kwenye paa. Unapita juu yake kwa nusu mita au zaidi, ili moto wa jirani usipate daraja la kuvukia. Madirisha ya nyuma, yanayotazama uchochoro ambako masanduku na majani makavu yalirundikwa, yalifungiwa vifuniko vya chuma, na bawaba zake nene ungali unazikuta zimepachikwa ukutani hata pale ambapo vifuniko vyenyewe viliuzwa zamani kama chuma chakavu. Napenda kuufikiria ukuta huo wa katikati kama mkataba kati ya watu wawili ambao pengine hawakupatana katika jambo lingine lolote. Kila mmoja aligharamia unene ambao ungemlinda mwenzake sawasawa na ulivyomlinda yeye.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani mpaka ubomoe sakafu. Boriti za sakafu ziliingizwa katika vishimo vilivyoachwa ukutani, na ncha yake haikukatwa wima. Ilikatwa mshazari, upande wa juu ukiwa mfupi kuliko wa chini. Sababu yake ni ya busara kubwa. Boriti ikiungua katikati na kuanguka, ncha iliyokatwa wima ingechomoka kwa nguvu ikinyanyua matofali yaliyo juu yake, na ukuta wote ungefuata. Ncha ya mshazari huteleza ikatoka yenyewe, ukuta ukabaki umesimama. Mjenzi alikuwa amekubali tangu mwanzo kwamba siku moja ndani ya jengo kutaungua, akaamua kwamba siku hiyo ukuta usimame ili uwalinde majirani.

Kuhusu matofali yenyewe sina budi kueleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo niliyokuja nayo kutoka nyumbani. Reli ya kuvuka bara ilikamilika mwaka 1869, na ile ya kaskazini iliyoufikia ukanda huu ilikamilika mwaka 1883, lakini tofali ni zito na thamani yake ni ndogo, kwa hiyo nauli ya kulisafirisha mbali ingelimeza. Kila mji ulitafuta udongo wake. Udongo ulichimbwa, ukaachwa upigwe na baridi ili ulainike, ukakandwa ndani ya pipa lenye visu vilivyozungushwa na farasi aliyefungwa kwenye mti mrefu, kisha ukashindiliwa kwa mkono katika vibao vya kufyatulia vilivyonyunyiziwa mchanga ili usigande. Matofali mabichi yalianikwa uwanjani, yakageuzwa, kisha yakapangwa kuwa tanuri. Tanuri lilikuwa rundo la matofali yenyewe, lenye mashimo ya kuni chini na udongo uliokandikwa pembeni kuzuia joto lisitoke. Moto uliwaka usiku na mchana kwa takriban wiki nzima. Nilipousoma utaratibu huo kwa mara ya kwanza nilimpigia simu baba na kumsomea. Akauliza swali moja tu: walikuwa wanaweka matofali mangapi kati ya shimo na shimo?

Tanuri la namna hiyo halichomi sawasawa, na anayelielewa tanuri ataelewa jengo zima. Matofali yaliyokuwa karibu na moto huungua kupita kiasi, yakawa meusi na kupinda. Ya katikati hutoka mekundu, magumu, yakigongwa hulia kama kengele. Ya pembeni hubaki laini, yenye rangi ya chungwa iliyofifia, na Wamarekani waliyaita kwa jina la samaki wa samoni kwa ajili ya rangi hiyo. Hakuna yaliyotupwa. Yale magumu yaliwekwa upande wa nje unaopigwa na mvua, na yale ya rangi ya samoni yakafichwa ndani ya unene wa ukuta ambako hakuna maji. Ukiona leo tofali la rangi hiyo limetazama nje, huenda mtu aliwahi kutoboa mlango au dirisha hapo akaliziba kwa matofali aliyoyapata ndani ya ukuta.

Tabaka hizo tatu zilifungwa pamoja kwa namna ambayo mpita njia anaweza kuihesabu mwenyewe. Kozi, yaani safu za matofali, tano, sita au saba hulazwa kwa urefu, kisha kozi moja hugeuzwa ili vichwa vya matofali vitazame nje na mikia yake iingie ndani kushika tabaka la pili. Uso wa barabarani haukujengwa hivyo. Hapo mwenye jengo alinunua matofali yaliyogandamizwa kwa mashine, yenye kingo kali na rangi moja, yaliyojengwa kwa viungo vyembamba sana, na mara nyingi uso huo ulishikizwa kwenye ukuta wa nyuma yake kwa njia dhaifu ili vichwa visionekane kuharibu mpangilio. Kwa hiyo sehemu iliyogharimu zaidi ndiyo ambayo mara nyingi tunaikuta imeachana na jengo lake.

Mitindo ya nyuso hizo ilibadilika haraka. Miaka ya 1850 mpaka 1870 ulitawala mtindo uliojidai kutoka Italia, wenye madirisha marefu ya matao mepesi na taji zito juu ya ukuta lililobebwa na vikono vya mbao au bati. Nguzo za chuma za mbele ya duka ziliruhusu vioo vipana, na jina la kiwanda kilichozimimina bado husomeka chini, karibu na kizingiti. Baadaye kampuni ya Mesker Brothers ya St. Louis iliuza nyuso nzima za bati lililofinyangwa kwa kutumia katalogi, zikasafirishwa kwa reli, na fundi wa mji mdogo akazipigilia juu ya ukuta wa matofali ya kwao. Seattle baada ya moto ilichagua njia nyingine, mtindo wa matao mazito ya duara na mawe yenye uso wa kukwaruza ambao Henry Hobson Richardson aliufanya kuwa maarufu mashariki ya nchi. Mchoraji aliyetawala ujenzi ule mpya alikuwa Elmer Fisher, na jengo lake la Pioneer, lililokamilika mwaka 1892, lina mawe chini na matofali mekundu juu. Kwa maoni yangu hakuna jengo katika pwani hii linaloonyesha vizuri zaidi jinsi tofali dogo linavyoweza kubeba uzito na bado likapendeza.

Hata hivyo moyo wangu uko Ellensburg. Mji ule ulitaka kuwa makao makuu ya jimbo jipya, ukajenga upya kwa haraka kana kwamba ulikwisha kuchaguliwa, na majengo mengi ya katikati yake ni ya mwaka huohuo wa 1889. Jengo la Cadwell, ambalo sasa ni makumbusho ya wilaya, lina madirisha yenye matao ya umbo la kwato ya farasi, umbo ambalo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki analijua kwa majengo ya nchi za Kiislamu na hategemei kulikuta katika bonde la wafuga ng'ombe. Olympia ndiyo iliyochaguliwa kuwa makao makuu. Ellensburg ikapewa chuo cha ualimu, na matofali yakabaki. Port Townsend, mji wa bandari uliojenga maghorofa yake ukisubiri reli ambayo haikufika ilivyotarajiwa, ulipatwa na mdororo wa uchumi wa mwaka 1893, na ghorofa za juu za baadhi ya majengo yake zikakaa tupu miaka mingi. Miji hiyo ilihifadhika kwa kukosa fedha za kubomoa. Columbia haikuwa na bahati hiyo. Dhahabu ilipopungua, majengo mengi yaliyohamwa yalibomolewa ili udongo uliokuwa chini yake uchimbwe.

Yote haya yalijengwa dhidi ya moto, na nchi hii ina tetemeko. Ukuta unaosimama wenyewe wakati sakafu inaanguka ni ukuta ambao haukufungwa kwenye sakafu, na ardhi inapotikisika pembeni ukuta huo na sakafu kila kimoja hucheza peke yake mpaka ukuta unaangukia barabarani. San Francisco ililiona hilo tarehe 18 Aprili 1906. Long Beach ililiona tarehe 10 Machi 1933, na ndani ya mwezi mmoja California ikapitisha sheria kali ya ujenzi wa shule. Hapa Washington tetemeko la mwaka 1949 lilifanya jengo la Pioneer liondolewe mnara wake, na lile la tarehe 28 Februari 2001 liliporomosha matofali juu ya magari yaliyoegeshwa Pioneer Square. Zile kuta ndefu zinazopita paa, zilizowekwa ili kuzuia moto wa jirani, ndizo zinazoanguka kwanza. Siwezi kuwalaumu waliozijenga. Walikuwa wameona miji yao ikiwa majivu kwa macho yao, na hesabu yao ilikuwa sahihi kwa adui waliyemjua.

Adui ninayepambana naye kila siku ni mwingine, naye ni saruji. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa na mchanga, na chokaa ni laini kuliko tofali, kwa hiyo ukuta unapotanuka na kusinyaa kinachoumia ni kiungo, na maji yaliyoingia hutokea kwenye kiungo. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zinaishi kwa kanuni hiyohiyo. Miaka ya katikati ya karne ya 20 mafundi wengi walijaza viungo kwa saruji ngumu wakidhani wanaimarisha. Maji yakakosa njia, yakatokea katika tofali lenyewe, baridi ikayagandisha, na uso wa tofali ukabanduka. Mimi mwenyewe, katika kazi yangu ya pili katika nchi hii, nilisimamiwa na mkandarasi aliyetuamuru kutumia saruji ili tumalize kabla ya theluji. Nilisema neno moja nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa mgeni na nilihitaji mshahara. Miaka minne baadaye nilipita pale nikaona matofali yamechubuka safu baada ya safu, na naona aibu ya ukuta ule mpaka leo.

Kazi tuliyo nayo sasa ni jengo la mwaka 1889, na mwezi uliopita tulifungua sakafu ya ghorofa ya pili ili kufunga vyuma vitakavyoshika boriti na ukuta pamoja. Kila chuma hupita katika ukuta mzima na kushikwa nje na bamba la duara au la umbo la nyota. Nilipoondoa ubao wa mwisho niliona ncha ya boriti ndani ya kishimo chake, imekatwa mshazari kama nilivyosoma, alama za msumeno wa mkono zikiwa safi na hakuna dalili ya moto popote. Tulitoboa tundu pembeni yake bila kuigusa, tukaingiza chuma, tukaifunga nati. Kishimo nilikiziba mwenyewe kwa chokaa, nikiacha nafasi ndogo juu ya ncha ile, ili siku ikibidi bado iweze kuteleza.